Dharura Vijijini Kando ya Ziwa, Mkoa wa Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila tunapokaa kuzungumzia usalama, iwe kwenye mkutano wa kitongoji, mwaloni au kwenye benchi la zahanati. Yanawahusu zaidi wakazi wa mwambao na visiwa vya Ukerewe, Buchosa, Sengerema, Magu na Misungwi, ingawa mengine yanamfaa hata mkazi wa Kwimba asiyeliona ziwa kila siku. Tumeanza na ya msingi. Yale magumu yako mwishoni, na pale jibu linapogusa swali jingine tumetaja namba yake.

## Namba za simu na watu wa kuanza nao

1. Ni namba zipi za dharura ninazopaswa kuzijua kwa kichwa?

Tano. Polisi ni 112. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga ni 115. Huduma ya simu kwa mtoto anayefanyiwa ukatili ni 116. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199. Zote hazikatwi salio.

Ziandike kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji na kwenye banda la mwaloni. Namba iliyo kwenye simu ya mtu mmoja haisaidii simu hiyo ikiwa imezama naye.

2. Zimamoto wako mjini, sisi tuko kisiwani. Kuna faida gani kuwapigia?

Wapigie, lakini usikae kuwasubiri. Ukerewe peke yake ina visiwa 38, na hakuna gari la zimamoto linaloweza kufika kwenye kambi ya dagaa kabla nyumba ya nyasi haijaisha. Unapiga ili taarifa ifike mapema, wazamiaji na boti vianze kutafutwa, na wewe uelekezwe la kufanya.

Saa ya kwanza ni ya majirani. Ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walitoka hai. Kwa hiyo swali ambalo kila kitongoji kinapaswa kulijibu kabla ya balaa ni hili: nani ana mtumbwi wa injini, nani ana petroli, nani anajua huduma ya kwanza, na usiku wanaamshwa vipi?

3. Kijijini nani hasa anahusika na maafa?

Anza na mwenyekiti wa kitongoji, halafu mtendaji wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kwenye vijiji vingi kamati hiyo ipo kwenye karatasi, na wajumbe wenyewe hawakumbuki kama waliteuliwa. Omba kwenye mkutano mkuu wa kijiji majina yao yasomwe hadharani. Hakuna aibu kuuliza.

Mialoni kuna BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Hawa ndio wanaojua vyombo, wamiliki wake na nani yuko majini usiku huo. Ongeza mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kamanda wa sungusungu, hapo una watu watano wa kuamsha usiku wa manane.

4. Tupige simu au tupige yowe?

Vyote. Yowe huwafikia watu walio ndani ya umbali wa kusikia, nao ndio watakaofika kwanza. Usukumani mwano, yaani yowe la kuitana, ukilia, kila mzima anatoka. Tatizo ni kwamba yowe halisemi kuna nini, watu wanatoka na marungu kumbe kinachotakiwa ni kamba na ndoo. Vijiji kadhaa vimeona bora kutofautisha: yowe kwa mhalifu, filimbi au kugonga debe kwa moto na ajali ya majini. Chagueni wenyewe, ila wote wajue, watoto pia.

5. Simu huishiwa chaji au hupotea mtandao katikati ya maji. Tufanyeje?

Beba kitochi. Simu janja ni nzuri nchi kavu, lakini kitochi hukaa na chaji siku kadhaa na tochi yake huonekana mbali. Kiweke kwenye kopo au chupa ya mdomo mpana inayofunga vizuri, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Kopo lenyewe linaelea, jambo ambalo mfuko haukuliweza.

Kabla ya kusukuma chombo, mwambie mtu wa nchi kavu mambo matatu: mnakwenda upande gani, mko wangapi, na mtarudi saa ngapi. Mtu huyo ndiye atakayeanza kuwatafuta (tazama swali la 22).

## Ziwani

6. Kwenye utabiri wanasema «angalizo» mara «tahadhari». Tofauti ni nini?

Mamlaka ya Hali ya Hewa hupanga onyo kwa ngazi. Angalizo, lenye rangi ya njano, maana yake kaa macho, hali inaweza kuharibika. Tahadhari, rangi ya machungwa, maana yake jiandae na punguza shughuli. Tahadhari kubwa, rangi nyekundu, ni ya kuchukua hatua mara moja. Onyo la majini kwa kawaida hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kwa mtumbwi wa mbao wenye kingo fupi, wimbi la mita 2 halihitaji maelezo.

Utabiri husomwa redioni kila siku. BMU makini huuandika ubaoni asubuhi na tena jioni, kabla vyombo vya dagaa havijatoka.

7. Mbona mchana ziwa limetulia kabisa, halafu dhoruba inakuja usiku?

Kwa sababu ya ziwa lenyewe. Mchana ardhi inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, na mawingu ya mvua hujikusanya nchi kavu alasiri. Usiku mambo hugeuka: ardhi inapoa, maji yanabaki na joto, na pepo za kutoka pande zote za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa. Zikikutana, hewa hupanda na ngurumo huanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi saa hizo hizo, tena usiku wa giza, maana kwenye mbalamwezi taa zao hazivuti dagaa. Kwa hiyo utulivu wa saa kumi na mbili jioni si kipimo. Ukiona umeme unamulika upande mmoja bila sauti, hesabu muda wa kurudi. Upepo ukigeuka ghafla na kuwa wa baridi, muda wa kuhesabu umekwisha, kata nyavu kama hazivutiki na uelekee pwani iliyo karibu hata kama si mwalo wako.

8. Jaketi okozi ni ghali. Lazima nivae, au kuwa nalo chomboni kunatosha?

Vaa. Chombo hupinduka kwa sekunde chache, na jaketi lililokaliwa kama mto halivaliki majini.

Jaribu jaketi lako kwenye maji ya kifuani. Likikuacha ukielea uso juu, ni jaketi. Likikuvuta chini, au sponji yake ikinyonya maji kama godoro, umenunua nguo. Angalia pia mikanda na filimbi. Asiye na uwezo wa kununua sasa hivi afunge dumu tupu la lita 20, mfuniko umekazwa, kwa kamba ndani ya mtumbwi. Dumu moja huwaweka juu watu wawili wanaolishikilia, lakini halimgeuzi uso juu mtu aliyezimia. Hiyo ni akiba ya mnyonge, isiwe sababu ya kuacha kununua.

9. Chombo kikipinduka, nishikilie au niogelee kwenda nchi kavu?

Shikilia. Mtumbwi wa mbao uliopinduka unaendelea kuelea, na ni rahisi kuuona kuliko kichwa cha mtu. Usiku taa za pwani huonekana ziko karibu kuliko zilivyo, na wengi waliopotea walikuwa waogeleaji hodari walioziamini.

Vua gambuti na koti zito. Watoto na wachovu wapandishwe juu ya tumbo la mtumbwi, wengine wajipange pande mbili ili usizunguke. Jihesabuni kwa majina. Maji ya ziwa yana nyuzi 25 hivi, mwili una 37, kwa hiyo baada ya saa kadhaa mtu huanza kutetemeka na kusinzia: kaeni mmesogeleana na msemeshane. Piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia.

10. Namwona mtu anazama. Nijitose?

Hapana, isipokuwa umefunzwa na una kitu kinachoelea mkononi. Anayezama humkumbatia mwokoaji na wote wawili huzama. Kila mwambao una familia iliyozika ndugu wawili kwa namna hiyo. Mrushie dumu, kamba au kasia. Ukiwa na mtumbwi, mfikie kwa nyuma au mbele ya chombo, si ubavuni.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo, usimzungushe. Kinachomuua ni kukosa hewa. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni hadi uone kifua kinapanda. Halafu kandamiza katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika: mikandamizo 30, pumzi 2, mikandamizo 30, pumzi 2. Mkipokezana mnaweza kuendelea hadi msaada ufike. Akizinduka, apelekwe zahanati hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

11. Mtumbwi upo, injini ipo, lakini usiku petroli haipatikani. Wenzetu wanafanyaje?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, ingawa halionekani hivyo. Mgonjwa mara nyingi hachelewi kwa kukosa mtumbwi. Anachelewa wakati mtu anazunguka nyumba kwa nyumba na dumu.

Mpango unaofanya kazi ni wa kawaida sana. Dumu moja la lita 20 linawekwa kwa ajili ya dharura tu, chini ya watu wawili wenye funguo, na daftari la kusaini. Injini ya nguvu za farasi 15 ikikazwa hula lita 5 hadi 7 kwa saa, kwa hiyo dumu hilo linatosha safari ya kwenda hospitali kutoka sehemu nyingi na kurudi. Pesa hutoka kwenye makato madogo ya kila chombo mwaloni au kwenye mfuko wa kikundi. Anayesafirishwa hadaiwi usiku ule. Familia hurejesha ikiweza, kwa utaratibu uliokubaliwa mkutanoni.

Mambo mawili huuharibu mpango huu. La kwanza, petroli iliyochanganywa na oili ikikaa miezi huchakaa, hivyo itumike na kujazwa upya kila mwezi. La pili, mjumbe anayeazima «lita mbili tu, nitarudisha kesho». Mkimwachia huyo, msisumbuke kuwa na dumu.

Liwekwe nje ya nyumba ya kulala, kivulini, mbali na jiko na karabai (swali la 15).

12. Kivuko au boti imejaa kupita kiasi lakini nina haraka. Nipande?

Usipande. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Nchi kavu ilikuwa inaonekana.

Ukiwa tayari umepanda na chombo kinakaribia gati, kaa ulipo. Watu wakikimbilia upande mmoja kuwahi kushuka, uzito nao huhama. Mizigo mizito iwe chini na katikati. Na jina lako liandikwe: siku ya ajali, orodha ya abiria ndiyo huwaambia waokoaji wamebaki wangapi ndani.

## Radi na mafuriko

13. Huku kwetu radi inaua kila msimu. Tujikinge vipi?

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, kwa hiyo hofu yenu ina msingi. Ukisikia ngurumo, uko ndani ya umbali wa kupigwa. Ingia kwenye nyumba iliyofungwa au gari lenye paa la bati na funga vioo. Toka majini, toka kwenye majaruba, acha jembe, shuka kwenye baiskeli. Usisimame chini ya mwembe wala kwenye banda la wazi la mwaloni. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ng'ombe hufa wengi pamoja kwa sababu hujikusanya chini ya mti au wakiegemea waya wa ua, umeme ukapita kwa wote. Wachungaji watawanyike na wasikae katikati yao.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse na umsaidie mara moja kama swali la 10 linavyoeleza. Wengi hupona wakipewa pumzi na kukandamizwa kifua mapema. Kama kuna wanaosema radi ilitumwa, mjadala huo usubiri mgonjwa afike hospitali, na usiishie kwa kumvamia bibi wa watu. Kumvamia mtu kwa tuhuma hizo ni jinai, polisi wanaingia.

14. Mto umefurika barabarani. Bodaboda anasema anaujua, anapita.

Shuka. Maji yanayotembea kwa kasi yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima, sentimita 30 huanza kuinua gari dogo, na 60 hubeba hata magari makubwa kiasi. Isitoshe, anayeujua mto anaujua wa jana. Daraja dogo linaweza kuwa limeshaliwa chini. Watoto wa shule wanaovuka vijito wapewe ruhusa ya kubaki upande waliopo siku za mvua kubwa, kwa jirani aliyepangwa. Zungumzeni na mwalimu mkuu kabla ya masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Ziwa nalo hupanda. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda hadi kufunika mialo na vibanda vingi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi huichukulia kama usumbufu wa maofisa mpaka maji yaingie chumbani.

## Nyumbani na shambani

15. Nyumba ya nyasi inawaka. Tuokoe nini?

Watu tu. Paa la nyasi huporomoka ndani ya dakika chache. Mlango mmoja ukizibwa na moto, udongo wa ukuta wa nyuma unavunjika kwa mchi au jembe. Majirani walowanishe paa za nyumba zilizo upande upepo unakoelekea, hiyo inaokoa zaidi kuliko kumwagia iliyokwisha kushika. Moto wa petroli zimeni kwa mchanga; maji huusambaza.

Jeraha la moto limwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20, funika na kitambaa kisafi, nenda zahanati. Hakuna dawa ya meno, yai, mafuta ya kula wala majivu.

16. Nyoka ameuma. Tufunge kamba, tuchanje?

Usifunge kwa kukaza, usichanje, usinyonye. Kukaza kamba huweza kuua mguu mzima, hasa sumu ya moma inayoozesha nyama. Mtulize mgonjwa, vua pete na bangili kabla hajavimba, funga kijiti kando ya mguu au mkono usitembee, mbebeni. Kwa bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Dawa ya kuondoa sumu haipo kila zahanati, kwa hiyo mtu mmoja apige simu mbele wakati wengine wanasafiri. Kukumbuka nyoka alivyokuwa kunasaidia. Kumfukuza ili kumpata huongeza mgonjwa wa pili. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi.

17. Mamba na kiboko wanatusumbua kwenye kisima cha ziwani. Tuna haki gani?

Kwanza usalama. Mamba hujifunza ratiba, kwa hiyo usichote maji mahali pale pale saa ile ile kila siku. Chota kwa kopo lenye mpini mrefu, usiingie hadi magotini, usifulie ukingoni jioni. Vijiji kadhaa vya Buchosa vimejengewa vizimba vya kuchotea maji. Kijiji kinachohitaji kiandike kupitia mtendaji kwenda halmashauri na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kikiambatanisha orodha ya matukio na tarehe. Kiboko hutoka usiku kula majani: usikae kati yake na maji, na usimmulike kwa karibu.

Kuhusu haki, kuna malipo ya serikali yanayoitwa kifuta machozi, kwa kifo au kujeruhiwa na mnyama hatari, na kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa. Si fidia kamili, wala usiikopee. Ripoti mapema kwa mtendaji na ofisa wanyamapori, piga picha, tunza karatasi za hospitali.

18. Watu watatu wameharisha maji maji usiku mmoja. Ni kipindupindu?

Chukulia hivyo mpaka zahanati iseme vinginevyo. Mpe mgonjwa ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, kidogo kidogo tangu nyumbani, hata akiwa njiani. Isipokuwepo: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Toa taarifa siku hiyo hiyo. Maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama babu aliyanywa mabichi miaka yote.

## Safari ya hospitali

19. Mama amepata uchungu usiku, kivuko kimefunga. Tuanzie wapi?

Piga 115. Mfumo wa m-mama huunganisha mgonjwa, kituo cha afya na gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia hailipi usafiri. Wazo hili lilijaribiwa mapema Sengerema na Shinyanga, kisha likazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Taja kijiji, mwalo ulio karibu, dalili (damu, kifafa, mtoto kutanguliza mkono) na namba ya mtu mwingine mbali na mume. Ukiwa kisiwani, ulizia pale pale chombo cha majini kitatoka wapi. Kikionekana kuchelewa, tumieni dumu la swali la 11 huku mkiendelea kuwasiliana.

Kwa wanaotoka Sengerema, Buchosa na Geita, daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kuelekea hospitali za Sekou Toure na Bugando. Mjamzito mwenye historia ya upasuaji au mapacha bado ni vizuri asogee karibu na hospitali wiki kadhaa kabla, kwa ndugu.

20. Zahanati wanadai PF3 wakati mtu anavuja damu.

PF3 ni fomu ya polisi kwa majeruhi wa ajali na kipigo, na ni muhimu kwa kesi. Lakini kuokoa uhai hakusubiri fomu. Omba kwa upole ahudumiwe kwanza, na mtu mwingine aende kituo cha polisi kuifuata. Ukikataliwa, mpigie mtendaji na mganga mkuu wa wilaya hapo hapo.

## Maswali magumu

21. Chombo cha chuma kimepinduka na tunasikia watu wanagonga kutoka ndani. Tutoboe?

Hapana. Hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayowaweka hai na mara nyingi ndiyo inayokiweka chombo juu. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ubavu wake ulitobolewa, hewa ikatoka, meli ikazama ikiwa na watu ndani. Jibuni kwa kugonga ili wajue wamesikiwa, chombo kifungwe kamba kisizame, na wazamiaji waitwe. Ukara mwaka 2018 (swali la 12), fundi wa kivuko alitolewa hai siku mbili baada ya ajali.

22. Mvuvi hajarudi. Tusubiri saa 24 ndipo turipoti?

Hakuna kanuni ya kusubiri. Muda aliosema atarudi ukipita na simu haipatikani, BMU ianze kupiga mialo ya jirani, maana wengi hukutwa wameshuka kwingine kukwepa upepo. Wakati huo huo polisi wajulishwe. Watafutaji watoke kwa vyombo viwili viwili, wamevaa majaketi.

Ikiwa kuna hofu kwamba amefariki, mwili katika maji ya joto kama haya kwa kawaida huibuka ndani ya siku chache. Atakayeuona asiuzike kabla polisi na mganga hawajafika. Familia zinazokesha pwani zipewe moto, chai na mtu mmoja wa kuwaletea taarifa, ili kila uvumi usiwafikie kama habari.

23. Tumekamata mwizi wa injini. Sungusungu wamalizane naye?

Akabidhiwe polisi akiwa mzima. Mkimpiga hadi kufa, wa kukimbia kijiji mtakuwa ninyi, na mtandao wa wanunuzi wa injini hautajulikana kamwe. Andikeni namba za injini zote za mwalo kwenye daftari la BMU. Injini isiyo na kumbukumbu ni vigumu kuidai hata ikionekana.

24. Huku kuna matetemeko kweli?

Yapo, ingawa si mara nyingi. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi za matofali ya udongo. Ukiwa ndani, jikinge chini ya meza imara. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na, kwa waliojenga chini ya mawe, mbali na mawe.

25. Mtu amefariki kwa homa kali na kutoka damu. Tumwoshe kama kawaida?

Msimguse. Piga 199 na mhudumu wa afya. Ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Kagera mwaka 2023 na tena Januari 2025, nao huambukiza kupitia majimaji ya mwili, hata ya marehemu. Wataalamu watafanya maziko yenye heshima, familia na viongozi wa dini wakiwepo kwa umbali. Ni jambo zito kuliomba kwa wafiwa, kwa hiyo mzee wa ukoo aelezwe kwanza, faraghani, kabla ya gari kufika.

26. Asubuhi tumekuta samaki wengi wanaelea, wamekufa. Tule?

Hapana, wala msianike kuuza. Mara nyingine upepo mkali huchanganya maji ya chini yasiyo na hewa na ya juu, samaki wakakosa pumzi. Mara nyingine ni sumu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Zuieni watoto na mifugo, msichote maji hapo, mwiteni ofisa uvuvi achukue sampuli, na mzike samaki mbali na ukingo baada ya yeye kuruhusu.